Turubai Lililovuja

Mbebe, Ileje
3 Julai 2023

Mwanangu Aliko,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Hapa tu wazima kwa kiasi kinachoruhusiwa kwa watu wa umri wetu. Goti langu la kushoto linatangaza baridi kabla ya redio. Baba yako anakula vizuri na bado anaimba sauti ya chini kanisani, ila macho yake sasa yanatenganisha mwanga na giza, si zaidi ya hapo. Binti yangu Diana amejifungua mtoto wa kike huko Vwawa, na wote wawili wanaendelea vema. Msalimu mkeo Rozi. Nimesikia ameanza kuuza vitenge sokoni Tunduma, na kwamba anapima kitambaa kwa haki. Nimefurahi.

Ninaandika kwa sababu mtandao wa simu hapa hupatikana kwa kupanda hadi makaburini, na mtu wa umri wangu hapaswi kuizoea njia ile. Nilipanda mara mbili. Mara zote mbili ulinijibu kwa mnong'ono kwamba uko kwenye maombi, ukakata. Karatasi haikatwi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa Machi, kikundi chetu cha kahawa kilitafuta fundi wa kushona turubai kubwa la kufunika vichanja tunavyoanikia kahawa iliyokwisha kuoshwa. Nilisimama kikaoni, mbele ya kaya kumi na mbili, nikasema kwamba mtoto wa kaka yangu hushona maturubai ya malori mpakani, na kwamba nilimfundisha kushona mimi mwenyewe. Walikubali kwa neno langu. Ulilileta wakati wa Pasaka, limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mlango: MUNGU NI KINGA YETU. Watu walipiga makofi. Sadoki, mwenyekiti wetu, aliliombea.

Tarehe 22 Juni ilinyesha mvua isiyo ya msimu. Asubuhi tulipofunua, tulikuta kahawa imelowa katika mistari mitatu iliyonyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Turubai lina maungio matatu, Aliko. Baada ya siku tatu kahawa ile ilianza kunuka, na wanunuzi wameikataa. Mavuno bado yanaendelea hadi Septemba, na sasa tunafunika kwa maplastiki yanayopeperushwa na upepo.

Nina maswali mawili tu. Ulishona mistari mingapi ya mishono katika kila ungio? Je, uzi ulipakwa nta? Usinijibu jambo lingine kabla ya haya.

Shangazi yako,
Marta


Tunduma
29 Julai 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe sana. Nisamehe kwa kuchelewa. Osea, dereva wa basi, aliisahau barua yako chini ya kiti chake kwa majuma mawili, na alipoipata ilikuwa na mafuta ya kula pembeni. Nimefurahi kusikia habari za Diana. Sisi hatujambo. Rozi anasalimia, na anasema vitenge vinakwenda vizuri mwisho wa mwezi kuliko katikati.

Nimehuzunika sana kwa habari za kahawa. Niliwashirikisha wenzangu wa kikundi cha maombi, na tuliiombea Mbebe kwa siku tatu. Shangazi, huduma imekua kuliko unavyofikiri. Siku hizi tunakutana kila siku saa sita mchana hadi saa kumi karibu na foleni ya malori, na madereva wanashuka kutoka kwenye magari yao wakiokoka. Maturubai ninayoyaandika maneno ya Mungu yanafika Lusaka, yanafika Lubumbashi. Mahali ambapo mimi siwezi kwenda, turubai linakwenda na kuhubiri. Kazi ya mikono ni ya kitambo, lakini roho za watu ni za milele. Hata yule mtume aliyeshona mahema, hatumkumbuki kwa mahema.

Kuhusu turubai lenyewe, ninavyojua, kama kamba hazikukazwa, maji hutuama katikati, na hakuna mshono duniani unaoweza kushindana na maji yaliyotuama. Mimi naona mngemuuliza aliyefunika jioni ile. Yawezekana aliharakisha.

Adui hapendi kuona kikundi cha waumini kinafanikiwa. Tusimpe nafasi.

Mwanao,
Aliko


Mbebe
5 Agosti 2023

Aliko,

Salamu. Goti ni lilelile. Mtoto wa Diana ameitwa Frida.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta idadi ya mistari ya mishono. Nimekuta Lusaka, nimekuta Lubumbashi, nimekuta adui. Mishono sijaikuta.

Umetuagiza tumuulize aliyefunika jioni ile. Hakuna haja ya kumtafuta. Aliyefunika ni baba yako.

Ni kazi aliyopewa na kikundi tangu macho yalipomwishia. Kuchuma hawezi tena, kuchambua hawezi, lakini vidole havihitaji mwanga ili vifunge fundo. Kila jioni alishika kamba tuliyoifunga kutoka ukutani, akaifuata hadi vichanjani, akafunika, akafunga mafundo ishirini na manne akiyahesabu kwa sauti. Alikuwa na kazi, na kazi ile ilimfanya awahi kuamka.

Kikao kilipoitwa, kabla sijafungua mdomo, alisimama na fimbo yake akasema, "Ndugu zangu, kosa ni langu. Sikukaza kamba." Aliomba kazi ile apewe mwingine. Sadoki akamwambia, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba mzee Ambilikile amekwisha kutumika vya kutosha, sasa apumzike. Tangu siku ile hukaa mlangoni jioni, mikono magotini, akisikiliza watu wengine wakifunika.

Sasa nisikilize vizuri. Asubuhi ile mafundo niliyafungua mimi. Yalikaza hata nikatumia meno. Maji hayakutuama mahali popote. Yaliingia kwenye maungio, nami niliyaona maungio, nikanyamaza kikaoni. Nilinyamaza kwa ajili yako, na ukimya huo unaniwasha kama upupu hadi leo.

Kuhusu yule mtume, hatumkumbuki kwa mahema kwa sababu hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mahema yake yalivuja. Na wale walioshona mapazia ya hema jangwani walijazwa Roho ili wafanye kazi ya ustadi. Hawakujazwa ili waiache. Madereva wanaoshuka na kuokoka mchana, jioni wanapanda magari yaliyofunikwa na kazi yako. Umelifikiria hilo?

Turubai nimelitia kwenye gunia, nimempa Osea alilete. Litandaze, weka unga chini yake, mwaga maji juu, uangalie. Kisha uniambie jambo moja. Cherehani niliyokupa ulipoondoka hapa hushona tabaka nne za turubai bila kulalamika. Imekuwaje?

Marta


Tunduma
20 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo.

Sitaandika mengi ya mwanzo. Hatujambo.

Gunia lilifika. Lilikaa nyuma ya kibanda changu siku tatu bila kufunguliwa. Kila nilipopita nilikuwa na jambo lingine la kufanya. Siku ya nne Rozi alilifungua yeye. Alilitandaza kati ya nguzo mbili, akaweka ungo wa unga wa sembe chini ya ungio, akachota ndoo ya maji, akanikabidhi mimi ndoo. Nilimwaga. Tulipoinua turubai, katikati ya unga palikuwa na mfereji wa uji, umenyooka kama ulivyosema. Rozi alichukua ungo akaenda kuwapa kuku.

Juma hilohilo alirudi mteja wangu wa Zambia, Ba Chanda kama wanavyomwita kwao kwa heshima, mzee mmoja mpole anayeendesha lori hadi Kasama. Alikuwa amebeba saruji chini ya turubai langu. Mifuko kumi na minne imekuwa mawe, na tajiri wake amemwambia ailipe. Nilitegemea atanitukana kwa Kibemba na mafundi wengine wasikie. Alinisalimu kwanza, akauliza hali ya mke wangu, kisha akasema, "Ba Aliko, maneno yako ni mazuri, tena ni makubwa. Lakini mvua haijui kusoma."

Nimekuwa nikilisikia neno hilo hata ninapolala.

Uliuliza cherehani. Uliponiuliza nilijua kwamba tayari umekwisha kujua. Mwezi wa Novemba kikundi chetu cha maombi kilifanya siku ya shukrani. Watu walileta mahindi, kuku, maboga. Nilikuwa nimeguswa sana siku ile, Shangazi, naomba uamini kwamba sikuigiza. Nilisimama nikasema natoa cherehani yangu. Watu walilia. Ilinadiwa uwanjani pamoja na kuku, akaichukua mshona mabegi mmoja, akavuka nayo kwenda Nakonde. Kwa fedha hizo tulinunua spika.

Tangu hapo natumia cherehani ndogo ya nguo. Haiwezi kupita tabaka nne. Kwa hiyo nilikunja mara moja tu na kushona mstari mmoja. Uzi sikuupaka nta kwa sababu uzi wa nta unaikwamisha. Na nilikuwa naharakisha niwahi saa sita. Hayo ndiyo majibu ya maswali yako ya Julai.

Sikujua kwamba aliyefunika ni baba. Naona aibu kuandika sentensi hii, maana najua haipunguzi kitu. Nakuomba umsomee barua hii, na umsomee Sadoki na kikundi.

Aliko


Mbebe
25 Agosti 2023

Aliko,

Barua yako niliipata Jumatano. Sikuijibu siku ile kwa sababu ningeandika maneno ambayo mzee wa kanisa kama mimi hapaswi kuyaacha kwa maandishi. Salamu nitazitoa mwishoni kama nitakuwa nimetulia.

Cherehani ile nilishonea sare za watoto wa shule kwa miaka ishirini na mitatu. Sijakasirika kwa sababu ilikuwa yangu. Hapana, nisiseme uongo, nimekasirika kwa sababu hiyo pia. Lakini sikiliza neno langu kubwa. Mtu akitoa kuku wake sadaka, atakosa mayai yeye. Wewe ulitoa cherehani, ukaendelea kupokea kazi ambazo cherehani ile pekee ingeziweza. Waliokosa si wewe. Wamekosa Ba Chanda, na kaya kumi na mbili, na mzee mmoja aliye mlangoni. Sadaka yako wameilipa wao, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda.

Unaniandikia kana kwamba lazima mtu achague kati ya kuomba na kushona. Nani alikufundisha hivyo? Mimi nilikuwa nikiomba nikishona pindo za kaptura, na mara nyingine nilikuwa nikishona tu, nikiangalia pindo. Sikumbuki Mungu kulalamika.

Barua yako sitaisoma kwa mtu yeyote. Mdomo uliosema tumuulize aliyefunika ndio utakaokuja kujibu.

Kabla ya kuja, shona. Humu ndani nimekufungia sindano yangu ya magunia. Tazama ilivyopinda kidogo. Mkunjo huo ni wa kidole changu, usijaribu kuunyoosha. Osea atakupa pia donge la nta kutoka mizinga ya Sadoki. Fumua maungio yote matatu. Kunja mara mbili, ukingo ndani ya ukingo. Shona kwa mkono mistari miwili, na upana wa punje ya mahindi kati ya mstari na mstari. Vuta uzi kila hatua. Usivute kwa hasira, hasira hukata uzi. Michumo ya mwisho itakuwa vichanjani katikati ya Septemba, na mawingu mwaka huu hayana adabu. Tukilowesha mara ya pili, wanunuzi hawatapanda tena kilima hiki.

Salamu: sijatulia.

Marta


Tunduma
11 Septemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto wa Diana tulimwona Jumapili, tulipita Vwawa mimi na Rozi. Ana paji la uso lako, na alinitazama kwa namna ileile.

Nimemaliza. Kila ungio lina urefu wa mita nane, na kwa mistari miwili na maungio matatu ni mita arobaini na nane za sindano. Siku ya kwanza nilidhani nitamaliza katika siku mbili. Siku ya kwanza nilishona mita tatu, na kidole cha kati kikavimba. Siku ya pili nilielewa kwa nini sindano yako imepinda pale ilipopinda, nikaacha kushindana nayo, nikaifuata. Mafundi wenzangu walinicheka. Mmoja aliniita bibi harusi, eti nashona shuka zangu. Siku ya tano waliacha kucheka, na mmoja wao akaja kuuliza nta naipata wapi.

Kiongozi wa kikundi cha maombi alikuja mara mbili kuuliza kwa nini sionekani saa sita. Si mtu mbaya, Shangazi, nisingependa umchukie. Mara ya pili alinikuta nimekaa chini, turubai mapajani, sindano mdomoni. Akaniuliza niko wapi siku hizi. Nilitoa sindano, nikamwambia, "Niko kwenye maombi." Akakaa kwenye debe, akanishikia ukingo hadi nilipofika mwisho wa mstari.

Maneno mekundu nilitaka kuyafuta. Rozi akanizuia. Alisema yaache, sasa nguo imekuwa na nguvu ya kuyabeba.

Rozi ameweka unga chini yake mara tatu, kila ungio ndoo nzima. Unga ulibaki unga. Baada ya hili nitamshonea Ba Chanda upya, kwa mkono hivihivi. Mifuko yake tumeelewana nitamlipa kidogo kidogo. Kazi nzito nyingine nimezikataa hadi nipate cherehani inayofaa.

Nitapanda na Osea Ijumaa tarehe 15. Naomba kikundi kiwepo Jumamosi. Nimeyafanyia mazoezi maneno ya kusema mbele ya baba, na kila nikiyasema yanaonekana mafupi. Naogopa, Shangazi. Je, amewahi kusema chochote kuhusu mimi?

Mwanao,
Aliko


Mbebe
3 Oktoba 2023

Mwanangu Aliko,

Nakusalimu, wewe na Rozi. Goti limepona, sijui kwa nini, wala sitaliuliza.

Uliondoka Jumapili ile uso ukiwa umeshuka, na najua sababu. Ulisimama mbele ya kikundi ukasema yote bila kupunguza, na hata Sadoki alitazama chini. Kisha ukamgeukia baba yako, naye hakukujibu neno. Alisema tu, "Lileteni hapa," wakalileta turubai, akalipapasa kidogo, akaomba apelekwe ndani. Ulidhani amekukasirikia. Mimi pia nilidhani hivyo, nami nikamkasirikia yeye.

Kikundi kilimrudishia kazi yake Jumatatu. Hakuna aliyetoa hotuba. Sadoki alimkabidhi tu kamba. Tarehe 27 mvua ikashuka, mvua kamili, ya kupiga mabati hata hatukuweza kuzungumza. Asubuhi nilitangulia vichanjani peke yangu, maana sikutaka kuwa na shahidi. Niliingiza mkono chini ya ungio la kwanza, la pili, la tatu. Kahawa ilikuwa kavu, inachakarika kama karanga. Nilirudi nyumbani nikamwambia. Akasema, "Najua." Nikamuuliza anajuaje na hajatoka nje. Akasema alishika mishono siku ulipolileta turubai, na mkono wake ulikwisha kumwambia.

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Nilimuuliza kwa nini basi hakusema neno mbele yako, mtoto amesafiri na vidole vimefungwa vitambaa. Naye akanijibu hivi, naandika kama alivyosema: "Marta, ile asubuhi ya Juni nilifika vichanjani kabla yako. Nilishika lile ungio. Mstari mmoja, uzi mkavu. Nilijua ni mkono wa nani, na nilijua ulikuwa unakimbilia wapi. Nikasema kosa ni langu ili apate nafasi ya kuja kusema ni lake."

Nikamuuliza, na kama asingekuja? Akasema angeendelea kukaa mlangoni.

Siku ile hakukujibu kwa sababu sauti ilimkwama. Ni hilo tu. Ameniambia nikuandikie, kwa kuwa yeye hawezi kuandika na wewe hupokei simu. Anasema umeshona vizuri.

Sasa nifikirie mimi. Miezi mitatu nimemficha siri mtu aliyekuwa akiijua kabla yangu. Miezi mitatu nimetembea kilima hiki nimefumba mdomo, nimetumia meno yangu kwenye mafundo, nimelumbana nawe kwa barua hadi Osea anauliza kama tunagombea shamba, na wakati wote huo kaka yangu alikuwa amekaa mlangoni kwake akiwa na habari zote mkononi. Nimezungukwa na wanaume wanaobebeana makosa, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kuniarifu.

Tumepeleka michumo ya mwisho, na wanunuzi wameikubali yote. Wazee wenzangu wa kanisa wananiuliza kama utaweza kushona turubai la kufunika ua wa kanisa siku ya shukrani, pale tunaponadi mazao. Nimewaambia nitakuuliza. Sijakusifia. Safari hii watakutazama wenyewe.

Jambo la mwisho. Jana jioni baba yako, akifunika, alipitisha vidole kwenye ungio la tatu, akasimama shibiri moja kabla ya ukingo, akaniita. "Hapa," akasema, "Aliko alichoka." Nimeangalia kwa taa. Ni kweli. Mishono sita imepanuka kuliko mingine. Hapavuji, na huenda pasivuje kamwe. Lakini baba yako anajua pako hapo, mimi najua, na sasa wewe unajua.

Njoo na sindano yangu. Salamu zote nilizokunyima Agosti zinakungoja pamoja na chakula.

Shangazi yako,
Marta